Zege katika vita vya mahandaki: lilikinga nini, na lilishindwa wapi

Tangu majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine Februari 2022, neno handaki limerudi kwa kishindo katika taarifa zetu za habari, na mkanganyiko umerudi pamoja nalo. Mtangazaji mmoja akilitaja anamaanisha mtaro ambao askari husimama ndani yake. Mwingine anamaanisha chumba kilichofukiwa ardhini. Wa tatu, anayezungumzia Gaza, anamaanisha njia ndefu inayopita chini kwa chini. Zilipoanza kuonekana picha za safu za piramidi za zege katika mashamba ya Zaporizhzhia, mabishano ya barazani yaligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema kwamba penye zege hapapitiki. Upande wa pili ulisema kwamba zege ni mambo ya kale, kwani bomu moja la kisasa linalimaliza. Pande zote mbili zina kosa moja la msingi: zinadhani kwamba zege huwekwa kwenye uwanja wa vita ili kumzuia adui asipite. Katika vita vilivyotufundisha maana ya mahandaki, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia huko Ubelgiji na Ufaransa, kazi hiyo kwa sehemu kubwa haikuwa ya zege. Zege lilipewa kazi ndogo zaidi na ngumu zaidi: kumweka mlinzi hai kwa saa chache, kisha kumwachia atoke akapigane.

Tuanze na maneno yenyewe. Handaki tumelipata kutoka Kiarabu, khandaq, na wasomaji wengi wanalifahamu kupitia Vita vya Khandaq vya mwaka wa 5 Hijria, pale Salman al-Farisi alipotoa shauri kwamba uchimbwe mtaro kuulinda upande wa Madina uliokuwa wazi. Handaki lile lilikuwa pengo la kumkwamisha adui na farasi wake. Walinzi walikaa nyuma yake, hawakukaa ndani yake. Handaki la mwaka 1914 ni kinyume chake, kwa maana mlinzi ndiye anayeingia shimoni, na anayemzuia adui ni seng'enge iliyotandazwa mbele pamoja na risasi zinazopita juu yake. Jina ni lile lile, lakini mashimo yenyewe yana kazi mbili tofauti, na nadhani nusu ya mabishano yetu yanatoka hapo.

Katika makala haya, handaki ni mtaro ulio wazi juu. Shimo la kujihifadhi ni chumba kilichochimbwa chini ya handaki, chenye ngazi za kuteremkia. Kibanda cha zege ni chumba kidogo, kinene, kilichojengwa juu ya ardhi au kuzamishwa nusu. Waingereza walikiita kijaluba cha vidonge, kwa kuwa kwa mbali kilifanana na vikasha vidogo ambavyo watu wa enzi hizo walitilia dawa. Ngome ni jengo kubwa la kudumu, lenye mizinga, ghala la baruti, jiko na mabweni, lililojengwa wakati wa amani. Vitu hivi vinne huchanganywa kila siku, ilhali kila kimoja kina nguvu zake na kifo chake.

Sasa zege. Fundi yeyote wa mtaani anajua kwamba ni simenti, mchanga, kokoto na maji, na kwamba kwa kazi ya kawaida vipimo ni moja kwa mbili kwa nne. Jambo ambalo wasio mafundi hawalijui ni kwamba zege linastahimili sana kukandamizwa lakini halistahimili kuvutwa. Ukiweka kipande cha zege chini ya tairi la lori, hakitajali. Ukiweka kipande kirefu, chembamba, juu ya matofali mawili mfano wa daraja, kisha ukaruka katikati yake, kitakatika, na ufa utaanzia upande wa chini, kwa sababu kitu kinapopindwa sehemu yake ya juu hubanwa na ya chini huvutwa. Ndiyo maana nondo husukwa na kulazwa karibu na upande wa chini wa slabu, kwa kuwa chuma hustahimili kuvutwa. Kombora linalopiga paa la kibanda hufanya kazi ya yule mrukaji, ila kwa nguvu ambazo haziwezi kulinganishwa na za binadamu.

Kuna kanuni ya pili, na hii Watanzania wameigeuza kuwa msemo wa kila shughuli, hata ya mapenzi na biashara: zege halilali. Ulizaliwa kwenye mjengo. Ukianza kumwaga zege, umalize siku hiyo hiyo, kwa sababu la leo likishakauka halishikani vizuri na la kesho, na pale yanapokutana hubaki mstari dhaifu ambao macho yanaweza yasiuone lakini mzigo utautafuta mpaka uupate.

Kule Liège, zege lililala. Kuanzia mwaka 1888, Wabelgiji waliuzungushia mji huo ngome 12 zilizosanifiwa na Jenerali Henri Alexis Brialmont, mhandisi mwenye sifa kubwa katika Ulaya ya wakati wake. Zege lake halikuwa na nondo, na kwa kuwa kazi ilifanyika mchana na kusimama usiku, kuta na mapaa yalipanda tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa limelala peke yake. Kwa mizinga ya siku ambazo ngome zilichorwa, unene ulitosha. Agosti 1914 Wajerumani walileta mzinga wa sentimita 42, ambao kombora lake lilikuwa na uzito wa kilo 800 hivi. Tarehe 15 Agosti kombora moja lilipenya hadi kwenye ghala la baruti la ngome ya Loncin, na ngome ikalipuka kutoka ndani. Askari wapatao 350 walikufa, na wengi wao wamo humo mpaka leo. Kesho yake ngome za mwisho zikasalimu amri. Ngome nyingine za Liège, ambazo hazikulipuka, zilishindwa na jambo ambalo halisimuliwi sana: moshi wa milipuko ulijaa ndani kwa kuwa hewa haikuwa na pa kupita, na vyoo vilikuwa ng'ambo ya mtaro wa ngome, mahali ambapo hapakufikika wakati makombora yakidondoka. Ukuta ulikuwa bado umesimama, lakini watu walikuwa hawawezi tena kukaa humo.

Wafaransa walitazama yaliyotokea Liège wakahitimisha kwamba enzi ya ngome imekwisha. Katikati ya mwaka 1915 waliondoa sehemu kubwa ya mizinga na askari katika ngome zao za Verdun, wavitumie kwingine. Hapa ndipo ninapopenda kuwarudisha wale wanaosema bomu moja linamaliza, kwa sababu uamuzi huo ulifanywa na watu wenye mawazo kama yao. Ngome ya Douaumont, tofauti na za Liège, ilikuwa imeongezwa zege zito juu ya matofali ya zamani, na katikati ya tabaka hizo mbili uliwekwa mchanga, kama godoro la kupunguza mshindo. Tarehe 25 Februari 1916 Wajerumani wachache waliingia humo karibu bila kufyatua risasi, kwa kuwa ndani mlikuwa na walinzi wasiozidi 60, kisha wakaifanya makao yao kwa miezi minane, wakikingwa na zege lile lile ambalo Wafaransa wenyewe walikuwa wamelitelekeza. Wafaransa waliirudisha tarehe 24 Oktoba, baada ya kuleta mizinga ya milimita 400 ambayo hatimaye ilitoboa paa. Ngome jirani ya Vaux ilianguka tarehe 7 Juni mwaka huo huo, na haikuangushwa na kombora. Kamanda wake, Meja Raynal, alikuwa na watu wapatao 600 katika jengo lililokusudiwa watu 250 hivi, na birika la maji likakauka. Walisalimu amri kwa kiu.

Kwa hiyo swali la kwamba zege ni imara au si imara ni swali bovu. Zege fulani, la unene fulani, lenye nondo au lisilo nazo, hukutana na kombora la uzito fulani. Na hata likishinda, watu walio ndani wanahitaji hewa, maji na choo.

Tuje kwenye mahandaki yenyewe. Baada ya mapigano ya mto Marne, Septemba 1914, majeshi yalichimba mitaro iliyoanzia pwani ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi, masafa ya kilomita 700 hivi. Karibu yote ilikuwa ya udongo, na udongo haukuwa chaguo la kimaskini. Udongo humeza nguvu ya mlipuko; kombora likitua kwenye udongo laini, sehemu kubwa ya nguvu zake huishia kurusha matope hewani. Unapatikana popote, hurekebishwa kwa koleo, na hauhitaji kukauka. Pale ambapo ardhi iliruhusu kuchimba chini sana, udongo na mwamba ulishinda zege bila gharama ya simenti. Kwenye mto Somme, Wajerumani walichimba katika mwamba laini wa chokaa mashimo ya kujihifadhi yenye kina cha mita 6 hadi 10. Waingereza waliwapiga makombora takriban milioni 1.5 kwa muda wa siku saba, wakiamini kwamba hakuna kitakachobaki. Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916 mizinga iliposogeza moto wake mbele, Wajerumani walipanda ngazi wakiwa na bunduki zao za rashasha, wakafika juu kabla Waingereza hawajafika kwao. Kabla ya usiku Waingereza walikuwa wamepoteza watu 57,470, waliokufa wakiwa 19,240. Vita vyote vya mahandaki vimo katika mbio zile fupi: nani atafika kwanza kwenye ukingo wa mtaro, anayetoka shimoni au anayevuka uwanja.

Sasa hamisha mbio hizo hadi Flanders, huko Ubelgiji, kuzunguka mji wa Ypres. Pale ardhi ni ya mfinyanzi na maji yako karibu sana na uso wake. Ukichimba mita moja, unachimba kisima. Wakulima wa huko walikuwa wameishi kwa kutegemea mifereji ya kuondoa maji, na makombora yaliivunja mifereji yote. Kuteremka chini hakukuwezekana, kwa hiyo Wajerumani, waliokuwa wameshika miinuko na kuamua kulinda walichokiteka, walilazimika kujenga juu. Hapo ndipo kibanda cha zege kilipopata umuhimu wake. Hakikujengwa kwa sababu ni bora kuliko shimo. Kilijengwa kwa sababu shimo lilijaa maji.

Hebu tupige hesabu ya kibanda cha mfano, si kibanda fulani. Tuseme kwa nje ni mita 6 kila upande, kuta zina unene wa mita 1.2, paa lina mita 1.5, na ndani mna kimo cha mita 1.8, kiasi kwamba mtu mrefu anainama. Chumba kitakachobaki ni mita 3.6 kwa 3.6, yaani futi 12 kwa 12, sawa na chumba kimoja cha kupanga katika miji yetu. Ili kukipata chumba hicho utamwaga zege la mita za ujazo 95 hivi, lenye uzito wa karibu tani 230, na kwa vipimo vya moja kwa mbili kwa nne utahitaji mifuko ya simenti ya kilo 50 ipatayo 600, kabla hujahesabu sakafu. Sasa zisogeze tani hizo zote usiku, bila taa, kupitia matope, mbele ya adui mwenye mizinga. Ndiyo sababu vibanda vingi vya nyuma vilimwagwa kwa pamoja kama inavyotakiwa, vikihudumiwa na reli nyembamba, ilhali karibu na mstari wa mbele Wajerumani walitumia matofali ya zege yaliyokwisha kukauka viwandani, yakiwa na matundu ya kupitishia vyuma vya kuyafunga. Jengo la matofali lina viungio, na viungio ni mistari dhaifu. Walilijua hilo, lakini zege bichi linahitaji wiki kadhaa kufikia nguvu zake, na mstari wa mbele haukuwa na wiki za kumpa mtu. Kwa kificho walijenga mara nyingi ndani ya magofu ya nyumba za wakulima, hivi kwamba rubani wa ndege aliona nyumba iliyobomoka, mpaka makombora yalipoangusha matofali ya nje na kuacha zege likiwa tupu.

Hata kokoto zilizua mgogoro wa kidiplomasia. Kiasi kikubwa kilisafirishwa kwa mashua kupitia Uholanzi, nchi ambayo haikuwa upande wowote, na Uingereza ililalamika kwamba kokoto hizo zilikuwa za kijeshi. Wajerumani walidai ni za matumizi ya kawaida, kama vile kutengeneza barabara. Wanajiolojia wa Uingereza walichunguza mawe yaliyotolewa katika vibanda vilivyotekwa na kuyatambua kuwa ni mawe ya bonde la mto Rhine. Sijui kesi nyingi ambazo shahidi wake mkuu alikuwa kokoto.

Ndani ya kibanda palikuwaje? Mlango ulikuwa mdogo, nyuma, upande wa kwao Wajerumani, ili kombora la adui lisiingie moja kwa moja. Mara nyingi ulizibwa kwa blanketi la kupunguza gesi ya sumu. Sakafuni palikuwa na maji. Watu kumi, kumi na watano, walibanana humo pamoja na bunduki na masanduku ya risasi. Na hapa inabidi kuondoa dhana iliyoenezwa na sinema: vibanda vingi vya Flanders havikuwa na tundu la kufyatulia risasi. Vilikuwa makazi ya kungojea tu. Mizinga iliponyamaza, askari walichomoka kupitia mlango wa nyuma na kuisimika bunduki ya rashasha kando ya kibanda au juu ya paa lake. Vilivyokuwa na matundu vilikuwepo pia, lakini tundu ni udhaifu, kwa kuwa linamwonyesha adui mahali pa kulenga, na linamfanya aliye ndani aone kipande kidogo tu cha uwanja.

Dari nayo ilikuwa na hatari yake. Mlipuko wa nje, hata usipotoboa, hupeleka mtikisiko ndani ya zege, na upande wa pili vipande hubanduka na kuruka chumbani kama risasi. Wajerumani waligundua kwamba dawa ni kuweka mabati ya migongo, vyuma vya reli au mihimili ya chuma upande wa ndani wa dari. Viliyashikilia mapaa wakati wa kumwaga, kisha vikabaki humo kuzuia vipande visianguke. Katika vibanda vilivyosalia, mistari ya mabati hayo inaonekana darini hadi leo. Lakini mshindo wenyewe haukuwa na dawa. Walioteka vibanda walisimulia mara kwa mara kuwakuta watu ndani wamekufa bila jeraha, damu ikiwatoka puani na masikioni.

Halafu kuna suala la msingi, ambalo fundi wa kwetu angelitaja kabla ya yote. Jengo la tani 230 juu ya tope linaelea zaidi kuliko linavyosimama. Kombora zito lililotua jirani na kibanda, badala ya kukipiga, lilichimba shimo, na kibanda kikainama kuelekea humo, mara nyingine mlango ukizikwa na waliomo wakizikwa nao. Zege halikuvunjika hata kidogo. Waingereza walianza shambulio lao la tarehe 31 Julai 1917 baada ya kurusha makombora zaidi ya milioni 4, na vibanda vingi vilibaki mahali pake, kwa sababu mzinga waliokuwa nao kwa wingi kuliko yote ulirusha kombora la kilo 8 hivi, ambalo liliikwaruza zege na basi. Mizinga mikubwa iliyoweza kuvunja ilikuwa michache, na kulenga chumba cha mita 6 kutoka kilomita kadhaa ni bahati nasibu. Makombora mengine yote yalifanya kazi moja kubwa, nayo ni kuligeuza shamba kuwa bwawa ambalo Waingereza wenyewe walipaswa kulivuka.

Vibanda havikupangwa kwa mstari. Wajerumani, wakiongozwa na mawazo ya maofisa kama Fritz von Lossberg, waliacha mahandaki ya mbele yakiwa na watu wachache na kuvitawanya vibanda nyuma yake kama kete kwenye ubao wa drafti, kila kimoja kikiweza kukipigia jirani yake, na nyuma yao wakaweka vikosi vya kurudisha pigo. Anayeshambulia aliingia kwa urahisi, akachoka, akapigwa kutoka pembeni, kisha akakutana na watu ambao hawakuwa wamechoka. Hii ndiyo maana ya zege kununua muda: dakika thelathini za kibanda kimoja zilitosha kwa kikosi kilichoko nyuma kufika.

Jibu lilipatikana, nalo halikuwa kombora kubwa zaidi. Askari wa miguu walijifunza kwamba kibanda hakina macho nyuma. Kundi moja lilifyatua risasi mfululizo kuwalazimisha walinzi wasitoke, jingine likazunguka kupitia mashimo ya makombora, na bomu la mkono likaingizwa mlangoni. Tarehe 4 Oktoba 1917 Sajini Lewis McGee wa Australia alikimbilia kibanda kilichokuwa kimezuia kampuni yake, akiwa na bastola tu, akawaua baadhi ya waliokilinda na kuwateka waliobaki. Alipewa nishani ya Msalaba wa Victoria, lakini hakuishi kuivaa, kwani aliuawa siku nane baadaye. Amezikwa Tyne Cot, makaburi ya askari karibu 12,000, ambayo msalaba wake mkuu umejengwa juu ya kibanda cha zege cha Wajerumani. Ubaya wa kukiteka kibanda ni kwamba mlango sasa unatazama mizinga ya aliyenyang'anywa, naye anazijua vipimo vyake kuliko wewe.

Mara nyingi huulizwa kwa nini Waingereza hawakujenga kwa wingi kama hao wenzao. Si kwamba hawakujua zege. Walikuwa washambuliaji, na makamanda wao hawakutaka askari azoee mahali ambapo kesho alitakiwa kupaacha. Juu ya hayo, simenti yao ilipaswa kuvuka bahari, ikishindania meli na chakula, makombora na mawe ya barabara. Mwaka 1918, walipojikuta wanalinda, nao walijenga, na kiwanda cha Richborough kikatengeneza vibanda vya vipande vya kuunganishwa vilivyobuniwa na mhandisi Ernest Moir.

Tofauti hiyo hutusaidia pia kuelewa kwa nini vita hivyo hivyo, vilipopiganwa kwetu kuanzia Tanga mwaka 1914, havikuacha mistari ya zege. Zege linahitaji vita vilivyokaa mahali pamoja, reli inayofika karibu, na kiwanda cha simenti nyuma yake. Vita vya Afrika Mashariki vilitembea, na vilibebwa vichwani na wapagazi wa kile kikosi, Carrier Corps, ambacho jina lake limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hakuna mpagazi wa kubeba tani 230.

Anayetaka kuthibitisha kwamba zege halifai huitaja Maginot, ngome za mpakani ambazo Wafaransa walizijenga katika miaka ya 1930, zenye mapaa ya hadi mita 3.5 na reli zinazopita chini kwa chini. Ni kweli kwamba Ufaransa ilishindwa mwaka 1940. Lakini Wajerumani walipita Ubelgiji na misitu ya Ardennes, wakavuka mto Meuse huko Sedan, mahali ambapo ngome kubwa hazikuwepo. Ngome kubwa zenyewe zilikuwa bado zinapigana makubaliano ya kusitisha vita yalipoanza kutekelezwa Juni 25, na zikasalimishwa kwa amri. Iliyoanguka mapema na kwa huzuni ilikuwa La Ferté, ngome ndogo iliyokuwa mwisho wa mstari, bila jirani wa kuikinga vya kutosha. Zaidi ya watu 100 walifia humo tarehe 19 Mei, wengi wao kwa kukosa hewa. Ni Liège tena.

Zile piramidi za Ukraine, zinazoitwa meno ya joka, ni kitu kingine kabisa: hizo zimekusudiwa kuzuia, na zinachozuia ni vifaru, si watu. Mtu anapita katikati yake akitembea. Zikiachwa peke yake, wahandisi wenye mtambo wa kusukuma udongo huziondoa. Zinakuwa na maana pale tu ambapo anayeziondoa anapigwa risasi. Katika mapigano ya mwaka 2023, kama ungeweza kumwamsha mmoja wa walinzi wa Flanders na kumpeleka Zaporizhzhia, mahandaki ya udongo kwenye mistari ya miti yangemwelea mara moja, na mabomu yaliyotegwa ardhini, ambayo ndiyo yaliyowachelewesha Waukraine zaidi, angeyafananisha na seng'enge yake. Kitakachomshangaza ni droni ndogo yenye kilipuzi, inayoongozwa na mtu aliye mbali hadi mlangoni. Mlango, hata hivyo, angeutambua.

Picha moja bado hupotosha watu, kwa hiyo niiseme. Kando ya mto Yser, karibu na Diksmuide, liko handaki la Wabelgiji linaloitwa Handaki la Mauti, ambalo kuta zake ni safu za magunia magumu kama jiwe. Mtu akiiona anaamini kwamba Wabelgiji walipigana nyuma ya magunia ya zege. Magunia yale yaliwekwa baada ya vita, katika miaka ya 1920, ya zamani yalipokuwa yanaoza na wageni wameanza kuja kutazama. Waliolilinda handaki lile wakati wa vita waliegemea udongo.